Gari Lisilovuja

Wewe ungefanyaje, mumeo akikujia asubuhi umeinama unapuliza moto, akakuomba kwa heshima zote umshikie ngazi ili alibomoe banda hilohilo la jiko unalopikia?

Siwema alimshikia ngazi. Kwanza aliipua sufuria ya maharage, akahamisha mafiga, akatoa chungu cha mawese na ungo wa unga wa muhogo, kisha akasimama chini amekaza mikono huku mumewe, Elieza, akifungua bati moja baada ya jingine. Mabati hakuwa na shida nayo. Alichokuwa anakitaka ni mabomba manne ya chuma yaliyoyabeba, mabomba ya zamani, mazito, ambayo ukiyagonga kwa nyundo yanalia mpaka jirani anaitika.

"Mabomba kama haya hayauzwi tena," alisema Elieza huko juu. "Gari likipinduka, mama Esther, haya ndiyo yatakayotulinda vichwa."

"Na mvua ikinyesha, changu kitalindwa na nini?"

"Nitakununulia mwavuli."

Akamnunulia kweli. Mwavuli mkubwa mwekundu na njano, ule wa wauza vocha. Tangu siku hiyo Siwema akawa anapika chini ya mwavuli pale uani kwao, mtaa wa Kasingirima, na majirani wakipita njiani wanachungulia juu ya ua na kumuuliza kama anaweza kuwarushia salio la elfu moja.

Elieza alikuwa fundi wa boti kwenye mwalo wa Katonga, kama baba yake, na kama babu yake aliyevuka ziwa kutoka Kongo na msumeno wake begani. Boti alizozijenga zilivua mpaka kijiji cha Mwamgongo na kupita, na sifa yake ilikuwa moja tu: hazivuji. Gari hakuwa amejenga. Lakini miaka mitatu iliyopita mbio za magari zilipita barabara ya vumbi mbele ya macho yake, na gari la kwanza lilipommwagia changarawe usoni hakufuta hata jicho. Jioni yake akarudi nyumbani na bodi la gari dogo la Kijapani juu ya mkokoteni. Halikuwa na injini wala viti, na kuku alikuwa anaatamia mahali pa betri.

Tangu hapo ua ukawa gereji. Siwema akajua kila bolti ilikotoka, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika tochi, aliyepitisha spana, aliyekanyaga breki akiambiwa kanyaga na kuachia akiambiwa achia. Na hapo ndipo penyewe. Kila alipokaa kwenye kile kiti akanyage breki, mguu wa kushoto ulikuwa unatambaa wenyewe kwenda kwenye klachi, na mkono unaishika gia.

Udereva aliujua tangu hajaolewa. Aliendesha miaka miwili gari la mjomba wake la kubebea mawese, kutoka vijijini mpaka sokoni, kwenye njia ambazo mbuzi mwenyewe anasimama kwanza akafikiria. Leseni aliendelea kuihuisha kila ilipokwisha muda, ingawa hakuwa na cha kuendesha, na wanawake wenzake wa kwaya wakampa jina: Dereva wa Karatasi. Alicheka pamoja nao. Lakini moyoni alikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko jiko jipya, kuliko kitenge cha sikukuu. Alitaka kuliendesha gari lile siku ya mashindano. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Mtu amejinyima miaka mitatu, mikono imeungua kwa kuchomelea, halafu wewe umwambie nipishe nikae mimi? Ni sawa na kumsubiri mwenzio achambue samaki wa mgebuka, atoe mwiba mmoja mmoja, ndipo wewe unyooshe mkono kwenye sahani.

*

Alhamisi akaja mkaguzi wa chama cha mbio, jina lake Gasper, mtu mwembamba mwenye viatu visivyojua vumbi na ubao wa kubania karatasi. Mashindano yalikuwa yamebakiza siku kumi. Habari za ujio wake zilikuwa zimeshazagaa, kwa hiyo ua ulijaa watu kama kuna mahari inalipwa.

Gari lilikuwa limesimama katikati, limepakwa buluu ileile ya boti, na ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe kama boti zote zinavyoandikwa: MTANIELEWA TU. Gasper alilizunguka mara mbili. Akagonga mabomba ya jiko yaliyopindwa vizuri ndani ya bodi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akavuta pete nene za chuma, moja mbele na moja nyuma.

"Hizi za kuvutia gari likikwama nimezipenda," alisema. "Na nanga je, mzee, umeiweka wapi?"

Ua mzima ukacheka. Elieza naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, Siwema aliona.

"Leteni maji," Elieza akasema. "Leteni maji mengi."

Yakaletwa. Elieza akamwaga ndoo sita sakafuni mwa gari, ndani kabisa, miguuni pa viti. Maji yakatulia humo kama kwenye beseni. Kisha akamwonyesha Gasper uvungu kwa mkono, kama mtu anayekaribisha mgeni sebuleni. Gasper akachutama. Chini pakavu. Hata tone.

"Pamba iliyolowekwa kwenye mawese," Elieza alieleza, "halafu lami juu yake, halafu bati. Kila kiungo nimekikalafati na kukiziba mwenyewe. Hili halivuji hata ukiliacha ziwani mwezi mzima."

"Nimeona. Sasa haya maji yanatokaje?"

"Yatoke yaende wapi?"

"Nje."

"Kwani ndani yameingiaje?"

"Umeyamwaga wewe!"

"Mimi nimemwaga ili uone hayatoki."

Gasper akafuta jasho. "Mzee Elieza, nisikilize. Kwenye mashindano mnavuka mito. Maji yanaruka, yanaingia dirishani, yanakuja na matope. Yasipotoka, dereva anaendesha huku anaogelea. Toboa sakafu matundu manne, mawili mbele, mawili nyuma, upana wa kidole gumba. Bila matundu siliandiki."

Mama yake Elieza, bibi Yunisi, alikuwa amekaa mkekani anachambua dagaa. Akainuka taratibu, magoti yakilia, kila kidole kimeshika dagaa.

"Atoboe nini?"

"Sakafu, mama."

"Ya chombo?"

"Ya gari, mama."

"Marehemu mume wangu alijenga vyombo miaka arobaini. Tundu likionekana, alikuwa analala njaa mpaka alizibe. Leo unamwambia mwanawe atoboe kwa mkono wake, mbele za watu?"

Elieza alichukua drili. Akaingia uvunguni. Kwa muda watu waliona miguu yake tu, imenyooka, haitikisiki. Kisha akatoka, drili haijawashwa.

"Siwezi," alisema. "Nitobolee wewe."

"Mimi mkaguzi. Sigusi."

Basi Siwema akajifunga kanga kiunoni, akamtoa mumewe drili mkononi na kulala chali chini ya gari. Tundu la kwanza lilipofunguka, maji yakammwagikia kifuani, la pili likampata mdomoni. Alitoboa yote manne. Bibi Yunisi alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kitenge, na Elieza amekwenda kusimama kule ukingoni mwa ua, ameipa shughuli mgongo, kama mume aliyeambiwa asubiri nje ya wodi.

"Sawasawa," Gasper alisema akiandika. "Dereva ni nani?"

"Mimi," Elieza aliitika kutoka kule ukingoni.

"Na wa kukaa kando yake amsomee njia?"

"Mke wangu. Mwandiko wake unasomeka."

Mdogo wake Elieza, Yakobo, alikuwa ameshajipenyeza kwenye kiti cha dereva na anapiga honi. Yakobo aliendesha lori la dagaa, na popote alipokaa alihakikisha watu wanalijua hilo. "Shemeji atusomee njia?" alisema. "Akiona genge si atatusomea na bei ya nyanya!"

Watu wakacheka tena. Siwema alikamua kanga yake, maji yakachuruzika, akacheka nao.

"Jumamosi asubuhi mkalijaribu barabarani," Gasper alisema. "Saa kumi jioni nitapita hapa na fomu. Mnipe majina mawili, dereva na msomaji. Nikishaondoka nayo, majina hayabadiliki tena."

*

Njia ya kujaribia ilikuwa ile ya vumbi inayoteremka kwenda bonde la Luiche. Ijumaa Siwema aliipita yote kwa miguu na daftari la mistari, akaandika kila kona: kulia ya kati baada ya mchikichi mkavu, nyooka hatua mia mbili, shimo katikati, kushoto kali kwenye mfereji. Alipofika kwenye ile kushoto kali alisimama muda. Akaipanga kichwani. Hapa unashuka gia ya pili kabla ya kona na si ndani ya kona, unabana ukingo, ukiuona mfereji unakanyaga mafuta. Kisha akajikumbusha kazi yake, akaandika tu: kushoto kali.

Jumamosi bibi Yunisi aliliombea gari kuanzia boneti mpaka bomba la moshi, hakuruka hata tairi la akiba. Wakavaa kofia ngumu mbili zilizokuwa za bodaboda, nazo zimepakwa buluu. Injini ilikataa mara ya kwanza, ikakohoa kama mtu anayejiandaa kutoa hotuba, halafu ikanguruma mpaka vifuniko vya sufuria vikacheza chini ya mwavuli. Watoto wa mtaa wakakimbia nyuma hadi pumzi zikawaishia.

Lilikwenda! Lilikwenda, tena vizuri. Shokapu zilimeza mashimo, mabomba ya jiko yakavuma kwa upepo, na Elieza akaanza kucheka peke yake, kicheko chembamba ambacho Siwema alikuwa hajakisikia tangu siku ya harusi yao. Akasoma: kulia ya kati. Wakapita. Akasoma: nyooka. Wakanyooka. Jambo moja tu lilimshangaza. Kila akisema kulia au kushoto, mkono wa Elieza ulikuwa unasita, kidogo tu, kama mtoto anayejumlisha kwa vidole kabla hajajibu.

Kwenye ile kona ya mfereji, mtu wa baiskeli alikuwa katikati ya barabara na madumu matatu ya mawese.

"Kushoto kali!" alisoma Siwema. Kisha akaacha daftari. "Kushoto, baba Esther! Kushoto!"

Elieza akausukuma usukani kulia kwa mwili wake wote.

Gari likaruka tuta, likapaa juu ya mfereji, likatua katikati ya jaruba la mpunga na kuketi. Mtu wa baiskeli hakuweka hata mguu chini. Aliwatazama, akapiga kengele, akawasalimia kwa Kiha, "Mwakeye!" na kuendelea na safari yake.

Injini ikazima. Vyura waliokuwa wamenyamaza wakaanza tena. Elieza alikuwa bado ameushika usukani, na hakuna aliyekuwa ameumia hata ukucha. Ndipo waliposikia sauti ndogo miguuni, bwi, bwi, bwi. Maji ya jaruba yalikuwa yanapanda kupitia yale matundu manne, safi kabisa, na viluwiluwi wawili ndani yake. Yakafunika viatu. Elieza akayachota kwa kiganja.

"Unaona?" alisema.

"Naona."

"Nilisema mimi. Chombo hakitobolewi."

Siwema ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka kofia ikamshuka puani, na Elieza naye akapokea, wakawa wanacheka hivyo maji yakiwafika kwenye vifundo, mpaka kivuli kikasimama dirishani.

Alikuwa mwanamke mnene aliyepandisha sketi mpaka magotini, kitita cha miche ya mpunga kwapani. Jina lake Ritha, na jaruba lilikuwa lake.

"Hii boti imetoka wapi?" aliuliza. "Ziwa liko kule!" Akaonyesha kwa kidole. Akasoma ubavuni pole pole, herufi kwa herufi. "Mta-ni-e-le-wa tu. Haya. Mimi mwenye shamba sijawaelewa."

"Tusamehe, mama," Elieza alisema akivua kofia. "Tutalipa."

"Sitaki kulipwa, nataka mistari yangu. Miche mliyoikanyaga mtairudishia mmoja mmoja kwa mikono yenu. Kwanza litoeni hili dude, linatisha vyura wangu."

Akaita wanaume waliokuwa wanalima majaruba ya jirani, wakaja saba. Elieza alijaribu kurudi kwenye kiti, lakini alishika mlango akauachia mara mbili bila kuufungua. "Kaa wewe," alimwambia mkewe. "Ushike usukani tu unyooke. Sisi wanaume tutasukuma."

Siwema akakaa. Akavuta kiti mbele vidole viwili. Akawasha, akaweka gia ya pili badala ya ya kwanza, kwa sababu tope halipendi papara, akaiachia klachi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, na kulielekeza gari pale mikokoteni inapovukia mfereji. Likapanda tuta kabla wanaume hawajaegemea sawasawa. Wawili wakaanguka kifudifudi. Alipaswa kusimama pale juu. Miguu haikutaka. Akaichukua ile kona ya mfereji upande wa pili, akashuka gia kabla, akabana ukingo, akakanyaga. Akaenda mpaka kwenye mchikichi mkavu, akageuza, akarudi na mkia wa vumbi nyuma yake, maji yakimiminika chini kwa matundu manne kama ng'ombe aliyesimama kujisaidia.

Alipozima, wanaume walikuwa wanapongezana kwa kugonga mikono.

"Tumesukuma, jamani! Tumesukuma hasa!"

Elieza alikuwa anamtazama mkewe, mdomo wazi kidogo. Ritha alimsogelea Siwema akampa fungu la miche.

"Wewe," alisema kwa sauti ya chini, "mwanzoni mbona ulikuwa umekaa upande ule mwingine?"

"Ndivyo tulivyopanga."

"Mlipanga nani na nani?"

Siwema akaingia jarubani.

Walipanda mpunga bega kwa bega, mume na mke, kofia za buluu vichwani kwa sababu Ritha aliwakataza kuziweka kwenye tuta lake. Walifika katikati ya mstari wa tatu ndipo Elieza akazungumza, macho yake yakiwa kwenye tope.

"Mkono wangu ulienda ziwani."

"Ulienda wapi?"

"Ziwani, mama Esther. Miaka ishirini nimeshika mkono wa mashine ya boti. Ukitaka boti iende kushoto, unausukuma kulia. Ndivyo boti ilivyo. Nikiendesha pole pole naukumbusha mkono, hapa si ziwani, hapa si ziwani. Ikija hatari, hausubiri kuambiwa na kichwa."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipokwenda kujifunza. Niligonga kibanda cha mlinzi."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Mtaa mzima unaniita dereva. Mama ameshawaambia kanisani. Wewe umepika uani miezi mitano kwa ajili yangu." Alichomeka mche, ukalala, akausimamisha tena. "Mimi raha yangu ilikuwa kulijenga. Kuendesha naogopa. Nilivyokuona..." Akachukua mche mwingine. "Nitampa Yakobo. Yeye angalau ana lori."

Siwema alihisi maneno yakimpanda mpaka kwenye meno. Alikuwa na mche mkononi, tope limefika viwiko, jua liko utosini. Ingekuwa rahisi. Lakini mume wake alikuwa ametoka kujivua nguo mbele yake, na kuyasema kungekuwa kumkwapulia hata ile iliyobaki.

"Unavyoona wewe," alisema.

Elieza akamtazama kidogo, kama aliyetegemea jibu refu zaidi. Kisha wakamaliza mistari.

*

Walirudi Kasingirima kwa mwendo wa harusi, Elieza kwenye usukani. Saa kumi kasoro ua ulikuwa umejaa tena, habari za jaruba zimewatangulia, na kila aliyeingia alikuwa anauliza mpunga unauzwaje. Gasper alikuja kwa wakati. Akapewa kigoda, akaweka fomu juu ya ubao wake.

"Haya. Dereva?"

Elieza alisimama. Alieleza yote, habari ya mkono na ya mashine ya boti, hakuficha hata kibanda cha mlinzi. Ilikuwa kazi ngumu kuisema mbele za watu, na mwanzoni walicheka, lakini wavuvi wawili waliokuwa wameegemea mlango hawakucheka. Mmoja alisema, "Ni kweli kabisa. Mimi pikipiki ilinitupa hivyohivyo." Basi kicheko kikafa chenyewe.

"Kwa hiyo ataendesha Yakobo," Elieza alimalizia.

"Yakobo yupi?" bibi Yunisi aliuliza kutoka mkekani. "Huyu aliyegonga geti la kanisa?"

"Mama, geti lilikuwa wazi nusu!"

"Na wewe ukaligonga ile nusu iliyofungwa."

Yakobo hakujali. Alikuwa ameshakaa kwenye gari, anarekebisha kioo. "Kaka, umefanya la maana. Ila na mimi nina masharti yangu. Haya maandishi tuyafute, hayana mvuto. Na msomaji nitakuja naye mwenyewe, utingo wangu Samson, tumezoeana. Shemeji asiumie roho. Siku hiyo atatupikia, mwavuli anao."

"Msomaji abaki mke wangu," Elieza alisema.

"Kaka, unataka tushinde au unataka tufurahishane?"

Elieza alikuwa mtu aliyeaibika mara mbili kwa siku moja, na hakuwa na nguvu za mara ya tatu. Akashusha mabega. Gasper aliliona lile bega likishuka, akalichukua kama jibu, kalamu ikaanza kutembea. Dereva, Yakobo. Aliandika kwa herufi kubwa, safi, akitamka anachoandika. Kisha akahamia mstari wa pili.

Siwema alikuwa chini ya mwavuli anasonga ugali wa muhogo. Kila neno alikuwa amelisikia. Ugali ulikuwa umeshaiva zamani, lakini aliendelea kuusonga, na mwiko ulikuwa unagonga sufuria, ko, ko, ko, mpaka watu wa karibu wakaanza kugeuka. Ilimjia kwamba baada ya mstari huo wa pili hakutakuwa na mwingine. Siku ya mashindano gari lingeingia kona kama ile ya mfereji na mtu ndani yake anayeshusha gia katikati ya kona. Na yeye angekuwa wapi? Angekuwa hapa, anapakua.

"Mama Esther," Elieza alisema ghafla. "Mbona umenyamaza? Wewe unataka nini?"

Ua ukatulia kidogo, kwa adabu tu. Kila mtu alijua mwanamke huyu hana neno. Gasper hakuinua hata kichwa. Lakini Elieza alikuwa amegeuka mzima mzima, anamtazama usoni, na hakuwa amemuuliza kama anaonaje. Alikuwa amemuuliza anataka nini. Siwema alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, hakuikumbuka.

Akaipua sufuria. Akaweka mwiko juu ya kifuniko. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole, akatoka chini ya mwavuli na kwenda mpaka kwenye kigoda cha Gasper.

"Futa hapo juu," alisema.

Gasper akainua kalamu. "Nifute dereva?"

"Futa."

"Shemeji!" Yakobo alipaza sauti kutoka garini. "Kwani kusoma njia kumekuuma hivyo? Basi nitamwacha Samson, utasoma wewe!"

"Kusoma njia mimi sikutaka hata siku moja," Siwema alisema. Hakuwa amemgeukia Yakobo. Alikuwa anamwambia mumewe, na sauti ilianza ndogo ikawa inakua njiani. "Nilikubali kwa sababu ndicho kiti kilichobaki. Ninachotaka, baba Esther, ni kuendesha. Nataka niendeshe mimi."